Mwacheni Bi Harusi Acheze Gemu



Juzi nilikuwa nampima gauni biharusi mmoja kutoka Nzega mjini. Nimepiga magoti nabana upindo, pini mdomoni, yeye kasimama juu ya kigoda. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mama yake aliyekaa barazani asisikie: "Dada, mchumba wangu anafanya kazi, anasali, hana neno. Lakini anapenda gemu. Mama anasema nimwekee sharti aache kabla ya nikaha. Wewe unaonaje?"

Pini zilinizuia kujibu upesi, na afadhali, maana ningecheka. Hatua tatu nyuma yake, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, kulikuwa na kitu kimefunikwa kanga. Chini ya ile kanga ipo kompyuta ya kuchezea gemu yenye umri mkubwa kuliko yeye, na kuliko mimi pia.

Nilipotoa pini nikamwambia: usimwekee sharti la kuacha. Mwekee sharti la kukufundisha.

Alinitazama kama nimepatwa na homa. Basi nimeona niandike, kwa sababu swali hili naulizwa mara nyingi kwa sura tofauti, na nikijibu kwa neno moja watu hudhani nafanya mzaha.

Wanaonisoma Unguja na Pemba watauliza Bukene ni wapi. Ukifika Tabora ukapanda treni iendayo Mwanza, kwenye reli iliyofika huko ziwani mwaka 1928, Bukene ni kituo kabla hujafika Isaka. Ni wilaya ya Nzega. Kuna mpunga, karanga, ng'ombe, na wakati wa kiangazi kuna vumbi linaloingia mpaka ndani ya kasha la udi. Zamani misafara kutoka pwani ilifika Tabora, na mingine ikashika njia ya kaskazini kwenda ziwani kupitia nchi hii. Ndiyo maana huku bara katikati utakuta familia zenye babu aliyetoka Oman, bibi Mnyamwezi, na binamu walioko Muscat hadi leo. Mume wangu ni wa familia ya namna hiyo. Mimi ni mtoto wa Unguja. Nililetwa huku nikiwa na miaka 23, na begi la harusi lililojaa, cherehani moja, na simjui mtu.

Sasa nisikilizeni, hili sijawahi kuliandika. Miezi minne ya mwanzo nilikuwa nalia chooni na bomba nimelifungulia, mume asinisikie. Si kwamba alinitesa, hasha. Ni mtu mpole, mkarimu, lakini maneno yake ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Anarudi kwenye mpunga, tunakula, anakwenda Isha, anarudi, kimya. Kila mtu na simu yake. Somo wangu alinifundisha mengi kabla ya harusi, Mwenyezi Mungu amlipe: kuchoma udi, kutandika, kuandika hina, kuzungumza na mkwe. Hakunifundisha namna ya kukaa sebuleni na mtu asiye na la kusema. Mwezi wa nne nilimpigia mama nikamwambia nataka kurudi. Mama akasema nivumilie mpaka Idi, tutazungumza.

Kabla ya Idi panya wakaingia stoo.

Tulipokuwa tunatoa viroba vya mchele kuwasaka, nyuma kabisa tukakuta kiroba kimefungwa kamba ya katani, na ndani yake kibodi nene, pana kama sinia la halua, herufi za Kilatini na za Kiarabu pamoja kwenye vibonye. Mume wangu akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Akasema, "Hii ya ami." Kisha akasema sentensi nyingi kuliko alizowahi kunambia tangu nikaha. Ami yake, marehemu, alikuwa akifanya kazi Muscat, na katika safari moja ya likizo aliwaletea watoto wa ukoo kitu hiki: kompyuta ya Sakhr.

Nieleze kidogo, kwani wengi wenye jamaa Oman na Dubai huenda wanacho kwenye stoo zao wakidhani ni taipureta. Sakhr ilikuwa kazi ya kampuni ya Kuwait, Al Alamiah, iliyoanzishwa mwaka 1982 na Mohammed Al-Sharekh. Mwaka 1983 Wajapani na Microsoft walitangaza mpango uitwao MSX: kampuni nyingi zitengeneze kompyuta za nyumbani zinazofanana, ili kaseti ya gemu iliyonunuliwa kwa hii iingie kwenye ile. Yamaha wakaunda, Al Alamiah wakaitia Kiarabu, na nyumba za Ghuba zikajaa Sakhr. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuiingiza Qur'ani na Hadithi kwenye kompyuta, kwa hiyo anayesema mashine hizi zililetwa na shetani aanze kwa kujua historia yake.

Ilikuwa haihitaji skrini yake. Unachomeka waya kwenye televisheni, basi. Na hapa ndipo watoto wa visiwani tuna bahati ambayo hatuizungumzi. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Bara hawakuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na kabla yake, mwaka 1974, serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo hebu fikiria ami anashuka na kitu kama hicho stesheni ya Bukene, mji usio na televisheni hata moja! Mume wangu anasema kilikaa miaka ndani ya kiroba, watoto wakikichezea kwa kubonyeza vibonye tu, wakijifanya makarani wa benki.

Sisi tulikuwa na televisheni. Ya chogo, inchi 14, ambayo wifi yangu alikuwa ananisihi niitupe ninunue ya bapa. Alhamdulillah sikumsikiliza, maana mashine hizi hupendana na chogo. Zilitengenezwa kwa ajili yake. Ukizichomeka kwenye televisheni bapa, kwanza tundu la antena la siku hizi mara nyingi haliwaelewi, na picha ikija huja na kingo kali kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi butu. Kwenye chogo rangi zinaingiliana kidogo, zinalainika.

Kuifufua ilituchukua wiki tatu. Waya wa umeme ulikuwa umeguguniwa. Fundi redio wa karibu na stesheni akauunga na kuangalia ndani. Mimi nilipewa kazi ya kaseti, sita jumla, meno yake ya shaba yamekuwa meusi. Dada zangu, msipulize kaseti kwa mdomo kama wafanyavyo watoto, mate yanaleta kutu. Chukua spiriti na pamba, sugua polepole, acha ikauke. Palipogoma nilitumia kifutio cha penseli. Kazi ya mikono midogo hiyo, na mshonaji anayeng'oa uzi wa upindo bila kutoboa hariri haogopi meno ya kaseti.

Siku ilipowaka ilikuwa baada ya Isha. Mume anashika waya wa antena, mimi natafuta chaneli, mchanga, mchanga, mchanga, halafu buluu na maandishi ya Kiarabu. Wallahi nilipiga kigelegele, jirani akagonga ukuta kuuliza nani kajifungua.

Gemu la kwanza tulilolijaribu ni la pengwini, Antarctic Adventure la Konami. Pengwini anakimbia kwenye barafu kutoka kituo hadi kituo, anaruka mashimo, anakwepa sili wanaochomoza, anadaka samaki. Akifika kituoni bendera ya nchi fulani inapandishwa, na yeye anacheza kidogo kwa furaha. Na tazameni uungwana wa gemu lile: hakuna anayeuawa. Ukianguka shimoni unapoteza muda, unapanda, unaendelea. Adui ni saa tu.

Usiku ule mume wangu alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti. Nilikuwa naanguka kila shimo, naye ananiambia "ruka, ruka, ruka sasa!" na mimi naruka baada ya kuanguka. Idi ilipofika mama akanipigia kuuliza kama narudi. Nikamwambia nipo kidogo, nimefika kituo cha tano.

Kuna watakaosema: mngeweza kuzungumza tu bila gemu. Anayesema hivyo hajaolewa na mtu mkimya. Watu wa namna hiyo hawazungumzi wakitazamana, wanazungumza wakitazama kitu kimoja. Wengine hufanya hivyo shambani, wengine kwenye gari safari ndefu. Sisi tulifanya mbele ya pengwini. Kati ya kuruka shimo na kungoja zamu yangu alinihadithia ami, alinihadithia mama yake alivyofariki, deni la mpunga alilokuwa akilificha. Lile deni ndilo lilikuwa ukimya wake. Nilikuwa nadhani ni mimi.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda, mnisamehe kama nitarefusha.

Mimi shule yangu ni ya sekondari na kozi ya ushonaji, sijasomea kompyuta. Lakini usiku mmoja niliiangalia picha ya pengwini kwa karibu, nikaona vidoto. Nikahesabu. Vikaragosi vya mashine hii hutengenezwa kwenye mraba wa vidoto 8 kwa 8, au 16 kwa 16. Yaani nafasi 64, au 256, na kwenye kila nafasi unaamua jambo moja tu, uweke rangi au uache tundu. Na kila kikaragosi kina rangi moja. Ukitaka pengwini mwenye mwili wa rangi moja na kifua cha nyingine, unalaza kikaragosi juu ya kikaragosi.

Nikasema, mbona hii ni kofia ya viua!

Anayejua kushona viua ananielewa. Bibi yangu alikuwa anakaa barazani Ng'ambo na kitambaa cheupe kimechorwa penseli, anatoboa, anazungushia uzi, tundu kwa tundu, na kwa matundu tu anatoa ua, nyota, mwezi. Hana rangi. Ana tundu na pasipo tundu. Yule mchoraji wa Kijapani mwaka 1983 alikaa na karatasi ya miraba akafanya alichokifanya bibi yangu, na wote wawili walijua siri ile ile: ukiwa na matundu machache, kila tundu lazima liwe na kazi. Nenda kaangalie mashine za kudarizi za sasa, unachora mchoro kwenye kompyuta, sindano inafuata. Ni ndugu hawa. Brother, hawa hawa tunaowajua kwa cherehani, mwaka 1986 waliweka Japani mashine za kuuzia gemu za kompyuta madukani, unatia pesa, inakunakilia gemu papo hapo. Na mwaka 2000 Wajapani wakatoa cherehani inayoendeshwa kwa Game Boy, kile kigemu cha mkononi cha Nintendo. Singer nao wakauza ya namna hiyo kwa jina la Izek. Unachagua mshono kwenye kigemu, cherehani inashona. Natafuta moja mpaka leo. Aliyenayo asiitupe, tuzungumze bei.

Kwa kujua hilo ndipo nikaweza kuwa mjaribu hodari. Kujaribu si kucheza tu. Nina daftari, kila kaseti ina ukurasa wake: je, vibonye vyote vinaitika, sauti zote tatu zinatoka, rangi hazijafifia, inawaka mara ngapi katika kumi. Wakati mmoja nilidhani kaseti imekufa kwa sababu vikaragosi vilikuwa vinapotea na kurudi vikikaa safu moja. Nikamsumbua fundi bure. Kumbe ndivyo mashine ilivyo: kwenye mstari mmoja wa skrini inaweza kuonyesha vikaragosi vinne tu, wa tano haonekani. Watengenezaji walijua, wakawa wanawapokeza, mara huyu mara yule, ndiyo maana vinapepesa. Nilikumbuka meza ya biharusi na wapambe, kiti cha tano hakuna, basi wanapokezana kupiga picha.

Halafu kuna hili ambalo mashoga zangu hawaliamini: kwamba gemu ni la wanaume tangu kuumbwa. Si kweli. Pac-Man, yule mduara wa njano anayekula vidoto, ilitoka Japani mwaka 1980 kwenye zile mashine za kusimama kama kabati, za kutumbukiza sarafu. Aliyeibuni, Toru Iwatani, alisema wazi kwamba nyumba za gemu zilikuwa zimejaa wanaume na vita vya angani, naye alitaka gemu litakalowavuta wanawake na wachumba, akaanza kwa kufikiria kula. Centipede ya Atari ya mwaka 1981 ilitengenezwa na Dona Bailey pamoja na Ed Logg, na zile rangi zake za kupendeza mtu husema kanga mpya, ni jicho la mwanamke lile. River Raid ya mwaka 1982, ndege juu ya mto, iliandikwa na Carol Shaw, na baadaye ikaingia kwenye kompyuta nyingi za nyumbani, MSX nazo. Walikuwapo tangu mwanzo. Sisi huku ndiyo tumeamua kwamba kijana wa kiume aende kwenye kibanda cha gemu alipie mechi, na binti abaki nyumbani na simu ya mama yake kwa kuiba.

Wifi yangu ndiye aliyenipa mtihani. Alikuja siku moja akanikuta nimeketi mkekani, mume pembeni, tunapokezana Road Fighter, gari jekundu linalokimbizana na mafuta yasiishe. Akasema mbele ya wageni: "Mke wa mtu anacheza gemu kama mtoto wa shule. Heshima ya nyumba imekwenda wapi?" Iliniuma. Ikaenda mpaka kwa mashangazi. Kwa muda watu wa Bukene waliniita yule wa gemu, na nilipoteza mteja mmoja wa harusi kubwa kwa ajili hiyo.

Sikumjibu siku ile. Nilimjibu baadaye, tukichambua mchele wawili tu, na nawapeni nilichomwambia. Bi Aisha, radhiya Allahu anha, alipokuwa mdogo alikuwa na wanasesere, na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, hakumnyang'anya. Alitaka kuwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, na Mtume akasimama akimsitiri mpaka yeye mwenyewe alipochoka kutazama. Na walishindana mbio, wawili, mume na mke. Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda. Baadaye mwili ulipomwongezeka, Mtume akashinda, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Dada zangu, aliyetaniana na mkewe hivyo ndiye kiigizo chetu, na sisi tunawaambia mabiharusi mchezo unaondoa heshima?

Si kwamba kila mchezo ni sawa. Sura ya Al-Maida imekataza kamari waziwazi, na imetaja sababu: uadui baina ya watu, na kuzuiliwa na kumkumbuka Allah na Swala. Hapo ndipo mizani yangu ilipo. Lile dubwi la Kichina linalomeza sarafu za 200 pembeni ya duka, usilikaribie, wala mumeo asilikaribie. Na gemu nyingi za simu za sasa ni binamu wa dubwi: zinakuuzia visanduku hujui ndani mna nini, zinakuita saa nane usiku, hazina mwisho. Kaseti ya mwaka 1985 umeinunua mara moja, haina intaneti, haina matangazo, haijui jina lako. Ukishindwa inakwambia umeshindwa, inatulia. Ndiyo sababu natetea hizi za kale na si kila gemu. Kuhusu muziki na picha wanazuoni wana maneno yao, mimi si mwanachuoni. Kwetu sauti tunaizima, muulize sheikh unayemwamini.

Na nisijifanye malaika. Kuna siku nilikuwa peke yangu na lile gari jekundu, nimefika nisipowahi kufika. Alasiri ikaadhiniwa nikasema nimalizie tu. Nikamalizia, nikaanza tena. Kilichoniamsha ni umeme kukatika, skrini ikawa nyeusi, na ndani ya ule ukimya nikasikia adhana ya Magharibi. Nilikaa gizani nimejishika kichwa. Wifi angeniona siku ile angekuwa na haki yote. Tangu hapo saa ya ukutani iko juu ya televisheni, si pembeni, na ikibaki robo saa kabla ya adhana kanga inafunika mashine. Kwa hiyo ikiwa mchumba wako anakesha kwenye gemu mpaka Alfajiri inampita, mwenzangu, huyo hana shida ya gemu tu, na hilo sharti la mama lizingatie.

Lakini kama ni kijana wa kawaida, anayecheza saa moja akichoka? Ukimkataza atacheza kwa rafiki zake. Utakuwa umejitoa mwenyewe kwenye furaha yake, na mwaka wa pili utanipigia simu kulalamika kwamba hakai nyumbani. Tunatumia mamilioni kwa mapambo, ukumbi, keki yenye ghorofa, magauni (na mimi nafaidika, sikatai). Begi la harusi linajaa marashi na doti za kanga. Hakuna hata mtu mmoja anayetia ndani yake kitu cha kucheza wawili, hata karata, hata bao.

Kwa watakaotafuta mashine: ulizeni kwanza stoo za jamaa waliowahi kukaa Ghuba, zile zilitengenezwa kwa umeme unaokaribiana na wetu. Mkinunua iliyotoka Japani, jihadharini, umeme wao ni volti 100, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa Tanzania utanusa moshi kabla hujaona picha. Inataka transfoma. Mkiambiwa "inafanya kazi" mwambieni muuzaji awashe mbele yenu, abonyeze kila kibonye, na iwake angalau robo saa, maana nyingine huwaka vizuri zikiwa baridi na hufa zikipata joto. Asiye na fedha anaweza kupata programu za kuigiza MSX kwenye kompyuta ya kawaida. Si sawa na kushika kaseti, lakini pengwini ni yule yule.

Yule biharusi wa Nzega alirudi Jumamosi kwa kipimo cha mwisho, na mama yake safari hii akaingia ndani. Gauni lilikaa mashaallah. Wakati naisubiri pasi ipate moto binti akaomba aonyeshwe, nikafunua kanga. Akacheza, akaanguka mashimoni kama nilivyoanguka mimi. Mama amekaza uso, mkoba mapajani. Baada ya muda akasogeza kiti. Kisha akasema pengwini huyu anachelewa kuruka kwa sababu mtoto anabonyeza kwa woga, lete nikuonyeshe. Akafika karibu kabisa na kituo, saa ikamwishia.

Nikasema mama, pasi iko tayari, tumalize gauni.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nilikuwa sijakijua kibonye. Nirudishie mwanzo."